Tembo ndani ya Butembo: historia ya kuondoa maneno kwa regeksi

Tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, hapa kwetu Butembo, anayeandika kazi yake juu ya mashamba yanayoharibiwa na wanyama kandokando ya hifadhi ya Virunga. Ako na fishie ya mahojiano, mistari mingi, na anataka kuweka pembeni ile yote inayozungumza habari za tembo, juu sehemu hiyo ataishughulikia kivyake. Anaiambia ordinatere (kompyuta, kama wanavyosema ng'ambo ya Kasindi): ondoa kila mstari wenye neno tembo. Ordinatere inatii. Kiisha anafungua fishie na kukuta imekonda. Mahojiano yote ya Butembo yamekwenda. Wakulima wote wanaoitwa Katembo wamekwenda. Na kama kulikuwa Mtembo wa upande wa Bunyakiri, naye amekwenda na kabila lake zima. Katika mistari hiyo hakukuwa hata tembo mmoja.

Kifaa kinachofanya kazi hiyo, wenzetu wa informatike wanakiita ekspresio regulieri. Mimi nitasema regeksi, kwa kifupi. Ni namna ya kuandika sura ya neno kuliko neno lenyewe: «herufi tatu kubwa kisha tarakimu mbili», «neno linaloanza na Ka», na kadhalika. Mimi ni mtu wa agronomia, lakini siku hizi agronomo asiyejua kusafisha lisiti atalima na karatasi tu. Na katika kusafisha lisiti, kazi kubwa ni kuondoa. Ndiyo maana nilitaka kujua: juu ya nini kutafuta neno ni rahisi namna hii, lakini kusema «kila kitu isipokuwa neno hili» kunasumbua hata wataalamu? Jibu liko katika historia yake.

Mama akichambua maharagi kwenye lungo ako na njia mbili. Anaweza kuokota mazuri moja moja, ama anaweza kuondoa mabaya na mawe, yanayobaki yote yakaingia chunguni. Kwa macho, ni kazi moja. Akiondoa punje nzuri kwa bahati mbaya, anaiona imeanguka chini. Ordinatere haiko vile. Unapotafuta kitu na kukipata vibaya, kosa liko mbele ya macho yako: unaona Butembo katika majibu, unacheka, unasahihisha. Unapoondoa vibaya, kosa linatoka pamoja na mstari. Fishie inayobaki inaonekana safi sana, na hiyo ndiyo hatari yake.

Tuanze mwaka 1943, Marekani. Warren McCulloch, daktari wa neva, na Walter Pitts, kijana aliyejifundisha mahesabu mwenyewe, wanatoa makala wakieleza chembe za ubongo kama taa ndogondogo zinazowaka ao kuzimika. Mwaka 1951 mwanahesabu Stephen Kleene anaalikwa na taasisi ya RAND kuangalia mambo hayo. Anajiuliza: mtandao wa taa kama hizo unaweza kutambua mifuatano ya namna gani? Jibu lake lilichapwa katika kitabu mwaka 1956. Mifuatano hiyo aliipa jina la «regulieri», na katika makala yenyewe aliandika kwamba mtu akiwa na jina bora zaidi alilete, angelipokea. Inaonekana hakuna aliyeleta, na ndiyo sababu mpaka leo tunabeba neno lisiloeleza kitu.

Kleene alihitaji vitendo vitatu tu. Kufuatisha: A kisha B. Kuchagua: A ao B. Kurudia: A mara yoyote, hata sifuri, ambayo tunaiandika kwa nyota. Tazama vizuri lisiti hiyo ya vitendo. Iko na «kisha», iko na «ao», iko na «tena na tena». Haina «hapana». Lugha hii ilizaliwa bila kukanusha.

Si kwamba kukanusha hakuwezekani. Mwaka 1959 Michael Rabin na Dana Scott walitoa makala juu ya masini hizi (iliwapatia tuzo ya Turing mwaka 1976), na humo mambo yako wazi. Fikiria motari anayepita njia yenye barrière nyingi. Kila herufi ya neno ni amri: ukisoma T nenda barrière ya pili, ukisoma E nenda ya tatu. Neno likiisha, tunaangalia amesimama wapi. Barrière zingine ziko na bendera ya kijani, neno limekubaliwa. Zingine nyekundu, limekataliwa. Ukitaka kinyume chake, yaani maneno yote isipokuwa yale, badilisha bendera tu: kijani iwe nyekundu, nyekundu iwe kijani. Basi. Kwa masini, kuondoa ni kazi ya dakika.

Ila hesabu hiyo inafanya kazi kama motari ni mmoja na njia yake ni moja. Masini ya aina ya pili, ambayo Rabin na Scott waliieleza katika makala ileile, inaruhusu njia kugawanyika: motari anakuwa wawili, watatu, kila mmoja na njia yake, na inatosha mmoja tu afike kwenye kijani ili neno likubaliwe. Hapo ukigeuza bendera, yule aliyekuwa kwenye nyekundu sasa yuko kwenye kijani, na neno ulilotaka kulikataa linakubaliwa tena. Unaweza kugeuza masini ya pili kuwa ya kwanza, lakini inaweza kuvimba sana. Na ukitaka kuandika kwa mkono, kwa vile vitendo vitatu vya Kleene, «kila neno lisilo na tembo ndani yake», inawezekana, lakini utapata mstari mrefu wenye mabano mengi ambao hata wewe mwenyewe hautausoma kesho.

Mwaka 1968 Ken Thompson, mhandisi wa Bell Labs, alichukua hesabu ya Kleene na kuifanya programu ya kutafuta maandishi, kwenye masini IBM 7094. Alitumia ile aina ya motari wengi, wote wakitembea pamoja hatua kwa hatua. Ni haraka, na kwa kutafuta ni vizuri sana. Unix ilipozaliwa, aliweka regeksi ndani ya ed, programu ya kuandikia. Katika ed kulikuwa amri mbili ndugu: g, inayoshika kila mstari unaofanana na sura uliyoandika, na v, inayoshika kila mstari usiofanana. Ona walivyofanya. Ile «hapana» iliyokosekana ndani ya lugha, waliiweka nje, kwenye amri. Regeksi yenyewe inaendelea kusema ndiyo. Mlinzi wa mlango ndiye anayegeuza jibu.

Mwaka 1973 kazi hiyo ikapata programu yake ya pekee, grep. Jina linatoka kwenye amri ya ed, g/re/p: pita kila mahali, tafuta regeksi, chapa. Lee McMahon, mwenzake Thompson, alitaka kuchunguza makala za Federalist, zile za mwaka 1787 na 1788 zilizotetea katiba ya Marekani, akitaka kujua nani kati ya Hamilton, Madison na Jay aliandika zipi. Maandishi yalikuwa makubwa kuliko ed inavyoweza kubeba katika kumbukumbu ya masini ya siku zile. Thompson akatoa kipande cha kutafuta, kikasimama peke yake. Ukiandika grep -v leo katika simu yako ao ordinatere yako, ile v ni ileile ya ed. Kwangu mimi hiyo ndiyo njia ya heshima ya kuondoa, juu inafanya jambo moja tu na inasema wazi inalolifanya.

Kuna alama nyingine iliyotoka enzi zile, na inadanganya wanafunzi wengi: [^ ]. Mtu anaona kwamba ^ ndani ya mabano ya mraba inamaanisha «isipokuwa», basi anaandika [^tembo] akifikiri amesema «isipokuwa tembo». Hapana. Amesema: herufi moja, yoyote, ambayo si t, si e, si m, si b, si o. Neno «kahawa» linapita. Neno «tembo» linakwama. Anafurahi. Kiisha anajaribu «tembo wawili», linapita, juu kuna w na a ndani yake. Alama hii inaondoa herufi, haijui maneno.

Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1994. Larry Wall, mtu aliyesomea isimu, alikuwa ametoa lugha yake ya Perl mwaka 1987. Katika Perl 5 alileta alama (?! ) inayoitwa kutazama mbele kwa kukanusha. Maana yake: simama hapa, chungulia mbele bila kusogea, na kama unaona kitu hiki, usikubali. Kwa hiyo ^(?!.*tembo).*$ inamaanisha mstari mzima ambao, ukisimama mwanzoni na kuchungulia mpaka mwisho, hauoni tembo. Hatimaye «hapana» imeingia ndani ya lugha yenyewe. Maktaba PCRE ya Philip Hazel, iliyoanza mwaka 1997, ilisambaza mtindo huo wa Perl katika programu nyingi. Python na JavaScript nazo zikaufuata.

Ukishajua kuchungulia hivyo, unafikiri kazi imekwisha. Hapo ndipo shida ya Butembo inarudi, juu alama zote hizi zinajua herufi tu, hazijui maana. Wazungu walikutana nayo mwaka 1996, wakati kampuni AOL ilipoweka kichujio cha matusi na wakaaji wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, wakashindwa kufungua akaunti zao. Ndani ya jina la mji wao kuna herufi nne zinazofuatana ambazo kwa Kiingereza ni tusi zito. Mpaka leo wahandisi wanaita kosa hilo tatizo la Scunthorpe. Sisi tungeliita tatizo la Butembo, na lingekuwa na adabu zaidi. Na hatuko na moja tu: Goma iko ndani ya ngoma, Beni iko ndani ya Benin.

Dawa ya kwanza ni mpaka wa neno, alama \b. \btembo\b inataka tembo lisimame peke yake, bila herufi kushoto wala kulia. Butembo inaokoka, Katembo anaokoka. Lakini tembo wengi, tukisema «matembo» kama tunavyosema nyumbani, nao wanaokoka, na haukutaka. Kiswahili kinabandika vipande mbele ya neno, na mpaka wa neno ulitengenezwa na watu wa lugha isiyofanya vile. Kwa Kifaransa nako kuna mtego. Katika JavaScript, herufi yenye nukta ao lafudhi haihesabiwi kuwa herufi ya neno, kwa hiyo «maïs» inakatwa: ma, kisha s. Agronomo anayetafuta mahindi yake akiandika \bmaïs na kupata vizuri, bahati yake. Akiandika \bs\b ili kuondoa herufi zilizopotea, atavunja kila shamba la mahindi katika lisiti.

Niliona jambo hili likigusa watu. Mradi mmoja, sitautaja, ulikuwa unaandikisha wakulima kwa ajili ya mbegu. Waandikishaji, kabla ya kwenda shambani, walijaribu fomu katika telefoni na kuingiza wakulima wa uongo, wakiandika «essai» mahali fulani. Ni kawaida, kila timu inafanya vile. Mwisho, aliyesafisha lisiti aliondoa kila mstari wenye neno essai. Sasa, mtu wa agronomia amekwisha kucheka. Kwetu, essai ni shamba la majaribio. Wakulima waliokubali kutoa kipande cha shamba lao ili tupande mbegu za kulinganisha, mstari wao ulikuwa na «essai variétal». Na mfugaji wa nyuki mmoja alikuwa ameandikiwa «essaim», yaani kundi la nyuki. Wote nje. Wale walioutumikia mradi kuliko wengine ndio waliokosa, na siku ya kugawa mbegu walikaa pale tangu asubuhi wakisikiliza majina, bila mtu yeyote kuweza kuwaambia walikosa nini. Lisiti ilikuwa safi. Hakuna mahali katika ile karatasi palipoonyesha kwamba walikuwapo.

Regeksi ipi ingefaa? \bessai\b ingemwokoa mfugaji wa nyuki tu. essai(?!m| variétal) ingewaokoa wote, mpaka siku mtu aandike «essai engrais». Iliyo sawa ni kutoangalia mstari mzima: angalia safu ya jina peke yake, na uondoe pale tu ambapo jina lote ni essai, ^essai$, juu hakuna mkulima anayeitwa vile. Hapo hakuna ujuzi wa Perl unaohitajika. Kinachohitajika ni kujua shamba.

Majina nayo yanatudai uangalifu wa pekee sisi Wanande. Kwa wenzetu wa Goma na Bukavu wanaotusoma: kwetu mtoto anapewa jina kufuatana na alivyozaliwa. Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Kwa hiyo katika lisiti ya mtaa mmoja tu wa Mususa, Kambale wako wengi, na kila mmoja ni mtu wake. Programu iliyotengenezwa kwa kufikiri kwamba majina mawili yakifanana ni mtu mmoja ameandikwa mara mbili, hapa kwetu inafuta watoto wa pili wa nyumba nyingi. Fikirini wakati wa Ebola, tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walipokufa. Kila aliyekutana na mgonjwa alipaswa kufuatwa siku 21, na kufuatwa ni kuwa kwenye lisiti. Kambale wawili wakigeuzwa mmoja, kuna nyumba ambayo hakuna anayeipigia hodi.

Na kuondolewa kwa jina la mahali, wakaaji wa huku wanakujua bila ordinatere. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, ilitangazwa kwamba Beni, Butembo na Yumbi zitapiga kura mwezi wa tatu 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari. Mule Beni watu walipanga mistari tarehe 30 Desemba na kujipigia kura yao wenyewe, kura isiyohesabiwa, ili waonekane. Mistari ya fishie haiwezi kufanya hivyo.

Turudi kwenye masini, juu historia ilifanya mzunguko wa kushangaza. Mtindo wa Perl, pamoja na uzuri wake, unatumia motari mmoja anayejaribu njia, akikwama anarudi nyuma na kujaribu nyingine. Regeksi ikiandikwa vibaya, anaweza kurudi nyuma mara nyingi kupita kiasi. Tarehe 2 Julai 2019 kampuni Cloudflare, inayolinda tovuti nyingi duniani, iliweka kanuni mpya ya kuzuia mashambulizi. Ilikuwa regeksi ya kuondoa, kwa maneno mengine. Ikamaliza nguvu ya ordinatere zao zote, na tovuti nyingi zikazimika kwa dakika 27.

Kwa kuogopa mambo kama hayo, Russ Cox wa Google alikuwa amekwisha kutoa mwaka 2010 maktaba RE2, iliyorudi kwenye njia ya Thompson ya mwaka 1968, motari wote pamoja, hakuna kurudi nyuma. Bei yake: (?! ) haimo. Ndiyo sababu ukiandika regeksi ya kuchungulia mbele katika Google Sheets unapata kosa, na unafikiri ni wewe haukusoma vizuri. Sheets inatumia RE2. Andika NOT(REGEXMATCH(...)), ao NON kama Sheets yako ni ya Kifaransa. Katika fomu za Kobo na ODK, ambazo wengi wetu tunazitumia kwa utafiti, vilevile: not(regex(., '...')). «Hapana» imetoka tena nje, kama katika ed ya zamani, na kwa maoni yangu imerudi mahali pake. Ukiwa na «hapana» nje, unaweza kuitoa dakika moja na kuona kilichokuwa kinaondolewa.

Mimi hivyo ndivyo ninavyofanya kazi. Amri moja naiandika mara mbili, na v na bila v, kila moja na fishie yake: grep -v inaandika waliobaki, grep inaandika walioondoka. Nahesabu mistari ya zote mbili kwa wc -l. Jumla isipolingana na lisiti ya mwanzo, nasimama. Ikilingana, fishie ya walioondoka naichapa kwenye karatasi na kuipeleka kwa mkubwa wa kikundi cha wakulima, ambaye hajawahi kugusa ordinatere, na namuomba anisomee jina kwa jina. Mara ya mwisho alisimama kwenye mstari wa tatu. «Huyu Katembo,» akasema, «ni yule wa kando ya mto. Juu ya nini yuko huku?»